Ree na Saba ya Turufu

Jumatatu, 6 Septemba 1971
Nshapika, nshafua, Asri nshaisali, nikenda zangu mkekani kwa wifi Mwanakombo kucheza karata kama kila siku. Kaniacha! Mbele ya wote. Miaka minne tunacheza wahedi wa sitini mie na yeye, dada wa mume wangu, leo kasema mashindano ya mtaa atacheza na mtu mwengine. Eti nikishika ree na saba ya turufu, karata mbili zenye nguvu kuliko zote, uso wangu unapiga mbiu. Eti sina subira, nnazitoa mapema. Nnazitoa, ndiyo! Karata kubwa si kanga mpya za kufichwa sandukuni. Nikamwambia n'taingia na mwenzangu, tutaonana. Kasema nikishindwa nisikanyage tena mkekani kwake. Nikakubali. Mdomo wangu huu.

Jumanne, 7 Septemba
Mkeka ule ndio matembezi yangu pekee. Foleni ya mchele si matembezi. Nnaogopa. Sirudi nyuma.

Alkhamisi, 9 Septemba
Kila niliyemwomba ana udhuru. Wanamwogopa wifi, hawana lolote. Kabaki mmoja tu anayejua karata: Saada, mke mwenzangu. Tangu aolewe hatujasemezana ila salamu za misibani. Nimetoka Malindi mpaka kwake Mpendae kwa miguu, hasira zimenijaa hata sijui za nani. Nikamwambia pale pale mlangoni nnataka mtu wa kucheza naye. Akanitazama weee. Kisha: "Ingia, Bi Rukia, chai haijapoa." Sikuitaka chai yake. Nimekunywa vikombe viwili.

Jumapili, 12 Septemba
Saada anacheza, si masihara. Tumegombana juu ya ishara. Kila mtu ana zake na mwenzake, na kila mtu anajifanya hazioni. Zangu na wifi zilikuwa hizi: kukonyeza jicho la kulia, nna ree ya turufu, kulamba mdomo, nna saba. Desturi watu wakiachana hubadilisha. Nimekataa. Sibadilishi uso wangu kwa ajili ya Mwanakombo! Saada kasema nna kichwa kigumu. Ninacho.

Jumanne, 14 Septemba
Bwana kauliza kulikoni wake zake wanacheka pamoja. Tukazidi kucheka.

Jumamosi, 18 Septemba
Tumeshinda. Hili nnaliandika leo leo.

Wengine wote walikwishatolewa, tumebaki sisi, na wifi na mwenzake. Mchezo wa mwisho, turufu kopa. Nnafungua karata zangu: ree ya kopa, saba ya kopa, na kopa nyengine hamna. Uso ukaniwaka. Nikamkonyeza Saada jicho la kulia, nikalamba mdomo, wazi wazi. Wifi kaniona. Katabasamu. Yeye anajua watu wakiachana hubadilisha ishara, basi akaona nnamhadaa, ree na saba hatunazo mie wala Saada, ziko kwa mwenzake yeye. Akawa anatoa karata zake kubwa bila hofu. Kaleta ree ya uru. Uru sina, nikaikata kwa saba. Kashtuka, lakini ree ya turufu bado kaiweka kichwani kwamba iko kwa mwenzake. Zamu ya kuanza ilipomrudia, kaleta saba ya pau. Na pau zangu zishakwisha. Nikaipiga ree ya kopa juu yake mpaka mkeka ukatoa vumbi.

Mwenzake hakuwa na hata kopa moja, maskini, anakodoa macho tu. Kuhesabu, sitini na moja ya ushindi tumeipita mbali.

Wifi kapiga ukelele: "Wewe! Hukubadilisha?"

"Nibadilishe kwa nini?"

Saada kapiga kigelegele. Nimefurahi kupita siku ya harusi yangu, Mungu anisamehe.

Jumatatu, 20 Septemba
Asri nshaisali, nikenda mkekani. Wifi kasogea, kaacha nafasi ya mtu mmoja. Nikabaki nimesimama. Nikamwambia tuko wawili, Saada yuko mlangoni anavua viatu.

Kanitazama. Kisha kasogea tena.

Saada kagawa karata.