Sentensi Niliyoiongeza kwenye Daftari la Tano

Beechmont, Louisville
9 Machi

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Josiane,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti lako linaendeleaje? Na theluji ya Buffalo, haijachoka kuwatesa? Sisi tu wazima. Mume wangu Cikuru amepata zamu ya mchana ghalani, na watoto wananijibu kwa Kiingereza hata ninapowagombeza.

Daftari lako la tano lilifika salama. Yaya, unajua kuandika! Kila Jumamosi baada ya kwaya akina mama hujaa sebuleni kwangu, nami huwasomea hadithi yako huku wakikanda unga wa mandazi ya kanisani. Mwanzoni walinuna, maana Nabintu, yule mshonaji wako, anampenda mwanamke mwenzake, Faida. Kufikia daftari la tatu, haohao ndio waliokuwa wakiniuliza kama Faida amepona malaria. Mama Masumbuko alifuta machozi akasingizia vitunguu. Mandazi hayana vitunguu.

Katika la tano, Faida ameshakwenda zake, na baada ya miaka Nabintu anampenda Samsoni, fundi baiskeli. Hapo nilikuvulia kofia. Hukusema kwamba zamani alipotea, wala kwamba sasa anajificha. Uliandika tu kwamba amependa mara mbili, na mara zote mbili kwa kweli. Mimi nisingethubutu.

Na kweli sikuthubutu. Nilipofika hapo mikono yote ilisimama kwenye unga, na Mama Masumbuko akauliza, donc, yaani huyu alidanganya zamani ao anadanganya sasa? Wakanitazama. Nisamehe, Yaya, nilisoma maneno ambayo hukuyaandika. Nilisoma kwamba Nabintu aliombewa akafunguliwa, na kwamba Faida alikuwa kifungo chake. Unajua tulivyozoea kanisani: aliyebadilika lazima atoe ushuhuda. Wakapiga vigelegele na kusema amina.

Siku hiyo Leya, binti wa Mama Masumbuko, alikuwa amekuja kutoka Whitehall, kule Columbus, Ohio, anakoishi na mwanamke ambaye mama yake humwita mpangaji mwenziwe. Miezi yote alikuwa akisikiliza hadithi yako kwa simu. Safari hii alitaka kuisikia akiwa nasi. Alinawa unga mikononi, akachukua funguo za gari, akarudi Ohio bila kula. Kesho yake aliniandikia akiuliza kama kweli ni wewe uliyeandika hivyo, kwa sababu hajawahi kusikia mahali pengine, kwa Kiswahili, mtu kama yeye akiwa mtu tu.

Niliona aibu sana. Nikampigia, nikamsomea ukurasa wako kama ulivyo. Alilia, kisha akaniuliza kwa nini niliongeza yangu. Nilimwambia, nawe nakwambia: kule kwenye kambi ya wakimbizi, kabla ya Cikuru, nilimpenda Joselyne. Cikuru nampenda kweli, na Joselyne nilimpenda kweli. Niliogopa akina mama wakimwelewa Nabintu watanitambua mimi. Basi nikamwita Joselyne kifungo mbele ya watu.

Nadhani ulijua. Kitenge cha njano ambacho Faida anamwachia Nabintu ni kile cha Joselyne, ulichonikunjia sandukuni siku ya safari ya kuja Marekani bila kuniuliza neno.

Jumamosi iliyopita niliwaambia akina mama kwamba ile sentensi ilikuwa yangu, nikataka kusoma upya. Wawili waliaga wakaondoka. Mama Masumbuko akaniambia nisianze kwanza. Akampigia Leya, akaiweka simu mezani katikati ya unga, ndipo nikasoma.

Cikuru nilimweleza mwenyewe. Akauliza kama Samsoni anajua habari za Faida. Nikamjibu kwamba sasa anajua. Akaniuliza daftari la sita litafika lini.

Wasalimie shemeji na watoto, na goti ulikande kwa maji ya moto. Kesho nakwenda kanisani nimevaa kile kitenge.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nzigire