Nimekata kichwa cha yuka ya Mama Hansa

Jumapili, Kenton, London. Mvua tangu Alhamisi, baridi ya kuuma vidole, na moyo wangu haujatulia tangu alfajiri.

Assalamu alaikum nyumbani. Mama, shikamoo, magoti yanasemaje? Kaka Rajabu, shikamoo, na wifi Mwanaidi, na mapacha wenu ambao naambiwa sasa wanavaa viatu vya baba yao. Shangazi Tatu, shikamoo, najua Mwanaidi ndiye anayekusomea, basi asiruke mahali. Sisi huku wazima. Baba Zainabu yuko kazini, Zainabu na vitabu vyake, nami leo sina shifti kule nyumba ya wazee. Nimekaa jikoni naandika kwa simu hapa kwenye ukurasa wangu, mikono bado inanuka.

Leo nasema jambo nililolificha wiki tatu.

Mama Hansa, jirani yetu wa ukuta mmoja, mnamjua kwa maneno yangu. Mhindi mzaliwa wa Tanga, baba yake alikuwa na duka kwenye shamba la mkonge, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha binti yangu. Mwezi wa tisa alianguka, nyonga ikavunjika, akapasuliwa, mwanawe akamchukua kwake Leicester akapone huko. Huyo mwanawe hataki mama yake arudi tena, anataka nyumba iuzwe. Mama Hansa kila akibanwa ana jibu moja tu: nitarudi, nina yuka yangu.

Asiyeijua yuka: ina kichwa kama cha mkonge, majani marefu yenye ncha kali, ila kichwa chenyewe kimebebwa juu ya shina, kama mnazi mfupi. Za kukaa ndani ya nyumba ziko tele. Ya kukaa nje, kwenye mvua ya London, na shina lake likasimama, hiyo si ya kuokota popote. Mbili za mwanzo zilimfia. Ya tatu tuliifuata pamoja, mabasi mawili na treni, kwa mzee mmoja anayeziotesha mwenyewe. Yule mzee alituambia baridi peke yake haiiui. Kinachoiua ni maji kukaa miguuni na kichwani wakati wa baridi. Tukachimba ule udongo wa mfinyanzi mpaka migongo ikalia, tukajaza kokoto na mchanga, tukainua tuta likafika magotini, karibu na ukuta unaopata jua. Kila mwezi wa kumi tunaiwekea paa la plastiki linalopitisha mwanga, pembeni wazi, upepo upite. Miaka sita imesimama hivyo. Imefika kifuani kwangu, shina limegawanyika juu lina vichwa viwili, kimoja kirefu kuliko kingine.

Akaniachia mimi.

Mwezi wa kumi, kabla sijaweka paa, nikaona majani ya chini yamelegea, mengine ya njano. Nikasema niisafishe, akirudi aikute nadhifu. Ninyi mnajua tumelelewa wapi. Shuleni sikufika mbali, lakini mkonge nimeukata tangu mkono haujaujaza mpini. Nikachukua kisu cha nyama. Nikaondoa miiba ya ncha kwanza, kama Baba alivyotufunza, kisha jani moja moja karibu kabisa na shina, nikipanda juu, mabichi kwa makavu, mpaka kila kichwa kikabaki kishungi. Na mkono ulivyozoea, nikafunga fungu la majani thelathini kwa kamba, kama tulivyohesabiwa shambani. Nikasimama pale najiona.

Yuka si mkonge.

Mkonge tuliukata jua linawaka, kidonda kinakauka siku hiyohiyo. Mimi nimefungua vidonda ndani ya mvua, paa likaja baadaye. Vya kichwa kifupi vilijifunga. Vya kile kirefu vilikunywa maji. Wiki tatu zilizopita nikavuta jani la katikati, likaja lote mkononi, huku chini laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na harufu ya mtaro.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Kila Ijumaa Mama Hansa anataka picha. Ijumaa tatu nimemtumia za zamani, za kiangazi. Mara ya mwisho akaniuliza, "Mbona huko Kenton jua linawaka, na redio inasema mvua tu?" Nikamwambia limechomoza kidogo tu, likarudi.

Mimi, ninayemgombeza Zainabu kwa uongo mdogo wa saa ya kurudi nyumbani.

Zainabu ndiye aliyenishika. Aliiona picha, akaiona bustani, akaniambia taratibu, kwa Kiingereza chake: Mama, hulali kwa sababu ya mti, au kwa sababu ya picha?

Nikachukua simu. Nikampigia yule mzee anayeotesha yuka. Akasema kata, usiuonee huruma, mpaka ufike kwenye nyama nyeupe ngumu. Ukiacha, uozo utashuka mpaka shina linapogawanyika, na kile kichwa kingine kilicho kizima nacho kitakwenda.

Basi leo saa nne asubuhi tumeliondoa paa, Zainabu ameshika mwavuli juu ya shina, mimi nimeshika msumeno nilioufuta kwa spiriti. Kipande cha kwanza kahawia. Cha pili kahawia. Kila kipande ni mwaka wa Mama Hansa naudondosha kwenye ndoo. Cha tatu kahawia katikati. Cha nne doa dogo. Cha tano cheupe, kigumu, kinang'aa utomvu. Nikanyunyiza unga wa mkaa, nikalirudisha paa, juu zaidi, ili hewa ipite.

Kisha nikapiga picha. Ya leo. Kigutu chenye kovu jeusi, na mvua nyuma yake. Nikaituma kabla sijabadili mawazo, nikampigia.

Akapokea, picha ameshaiona.

"Daktari amenipasua akaniambia kila kitu, mpaka urefu wa chuma alichonitia," akasema. "Wewe umeshindwa kuniambia habari za mti?"

"Nisamehe, Mama Hansa. Niliukata kama mkonge."

"Ukafunga na thelathini?"

"Nilifunga."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu sauti ikabadilika. "Umefika kwenye nyeupe?"

"Nimefika."

"Basi sikiliza, mwanangu. Huyu kijana wangu yuko hapa mezani, ameiona picha. Ananiambia, si unaona mama, hata huo mti umekwisha. Nataka Ijumaa nimwambie utachipua lini."

Sijui utachipua lini. Sijui hata kama utachipua. Ninachojua ni kwamba paa nitalikagua kila nikirudi kutoka kazini, kisu hakitagusa jani bichi, na picha ya Ijumaa itakuwa ya Ijumaa.

Kaka Rajabu, wewe nitumie habari za magoti ya Mama tu. Ushauri wa mkonge, tafadhali, kaa nao.

Lakini wewe mwingine unayesoma hapa, unayeishi penye mvua na baridi kama yetu, na uliwahi kukata kichwa cha yuka: shina lilichipua? Baada ya miezi mingapi? Niandikie upesi, kabla ya Ijumaa, hata kama jibu ni baya.