Miguu ya Baba Imepata Nguvu

Kinoo, Jumapili

Kaka Omollo,

Mvua imeanza na sukuma wiki uliyopanda imeshika vizuri. Baba naye, yale mazoezi ya kliniki yamemfaa: anainuka kitini bila kushikwa, anazunguka ua akiimba.

Shida ni hiyo nguvu. Alhamisi nikianika nguo, alitoka. Mimi na majirani tulimpata River Road, katikati ya jiji, akigonga mlango wa duka la kadi za harusi aliloliuza zamani, akisema wateja wanangoja. Alikuwa ametembea njia yote.

Nimefunga geti kwa kufuli. Tangu hapo anakaa tu, na magoti yameanza kukaza tena. Leo ameniangalia kama mtoto, akauliza, "Mama, nimekosa nini?"

Njoo, kaka. Ufunguo ninao mimi, na peke yangu siwezi kumfungulia.

Dadako,
Milcah