Vitanda Vitatu

Mdogo wangu,

Cherehani imepona, ila mimi nimechoka kupima viuno vya watu. Ijumaa twende pwani siku tatu kama nilivyokuahidi, tutembee ufukweni asubuhi, tuone ndege wa majini na nyayo za kasa waliopanda kutaga. Ulivyo mwoga wa kaa, najua utanivunja mbavu.

Jana nilimpigia mtunzaji mpya wa ile nyumba ya pwani tutakayofikia, nikaagiza vitanda viwili. Akasema, "Mbona mumeo ameshaagiza vitatu? Ametangulia tangu Jumapili. Kila asubuhi yuko ufukweni anahesabu nyayo za kasa."

Nikadhani ananitania. Nikamuuliza amevaa nini.

"Shati la kijani, mama, mfuko umeshonwa kwa uzi mweupe. Analianika juani kutwa, halikauki."

Shati hilo unalijua. Mfuko ule niliushona harakaharaka, uzi wa kijani umeniishia, asubuhi ile shemeji yako alipoingia baharini mwaka jana asirudi. Hata cha kuzika hatukupata.

Mama usimwambie. Ila ukija, pitia dukani uninunulie uzi wa kijani.

Dada yako,
Fundi