Keki ya Mama

Jumanne, 11 Februari
Annapolis tena, kwenye Bunge la jimbo la Maryland. Foleni kuanzia Bowie, kahawa imemwagikia tai. Vikao viwili asubuhi, mchana picha na wageni kwenye ngazi za Bunge. Viatu vipya vinaniua.
Muswada wangu utasikilizwa tarehe 4 Machi. Ni mfupi. Mhudumu wa wagonjwa majumbani akimaliza zamu, kampuni imletee mtu wa kumpokea ndani ya saa mbili. Kwa sasa asipokuja mtu, anakaa tu. Akiondoka, amemtelekeza mgonjwa na kazi hana. Nayajua haya. Kabla ya siasa nilikuwa na kampuni ya namna hiyo. Ndiyo maana watu walinichagua.

Jumapili, 23 Februari
Baada ya ibada nimekula na wenye makampuni ya wahudumu, mjini Herndon. Nyama nzuri, maneno matamu. Wanataka "saa mbili" itoke, iingie "mapema iwezekanavyo". Wasipopata hilo watapinga, na kamati inawasikiliza. Mfanyabiashara aliye ndani yangu akaamka. Bei ikikubalika, funga biashara. Heri nusu shari.
Jioni nikampigia dada Yusta. Alikuwa mfanyakazi wangu wa kwanza. Wakati wa kampeni tulipanda naye ngazi zote za Langley Park, mlango kwa mlango, yeye akisalimia mimi nikihema. Bado ni mhudumu, sasa kwa kampuni nyingine. Nikamweleza mabadiliko. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Wewe ndiye unayejua, kaka Festo."
Nimefarijika. Nimewajibu wale wa Herndon kwamba nimekubali.

Jumanne, 4 Machi
Yusta amekuja kutoa ushahidi. Suti ya kitenge, amebadilishana zamu na mwenzake. Nilimwambia aseme lolote lililo moyoni. Akasimama, akamshukuru Mungu, akaishukuru kamati, akanishukuru mimi, kaka yao aliyewatoa mbali. Kuhusu saa mbili, kimya. Wajumbe wakatabasamu. Nami nikatabasamu, bwege mimi.
Njiani kurudi kitu kimenikera. Kwetu mtu hamuumbui ndugu yake mbele ya wageni. Nimelelewa hivyo hivyo. Sasa nilitegemea asemeje, pale, mbele ya vipaza sauti na wazungu wamejipanga? Ilinipasa kwenda jikoni kwake, nikae, ninywe chai, nimuulize tena hadi achoke na heshima.
Nitampigia kesho.

Jumatano, 5 Machi
Sikumpigia.

Jumatatu, 7 Aprili
Bunge limefungwa. Karatasi za rangi zimemwagwa kutoka juu, wazee wazima tunaruka kama watoto. Muswada umepita, bila ile saa mbili. Herndon wametuma hongera. Yusta hajaandika kitu. Najiambia yuko kazini.

Jumapili, 26 Oktoba
Sheria yangu imeanza kazi mwezi huu. Hakuna aliyeniambia lolote, zuri wala baya.
Leo Yusta amenifuata nje ya kanisa. Send-off ya binti yake Doreen, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ni tarehe 15 Novemba, ukumbi wa Langley Park. Anataka niwe mgeni rasmi. Nimefurahi kupita kiasi. Nilidhani ana kinyongo. Siku hiyo atafanya zamu ya asubuhi tu, atoke saa nane mchana, akajipambe. Ameshawaambia kazini tangu Agosti.

Jumamosi, 15 Novemba
Naandika nikiwa garini, Bowie, mbele ya nyumba ya watu.
Ukumbi ulipendeza. Pilau, ngoma, akina mama wa Kikongo wamevalia haswa. Kiti cha mama wa binti kitupu. Mshereheshaji akasema mama yuko njiani. Akasema tena. Mara ya tatu watu hawakucheka.
Nikatoka nje nikampigia. "Wa kunipokea hajatokea, kaka. Ofisi wanasema wanatafuta mtu. As soon as possible, ndivyo wanavyosema." Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.
Ikafika zamu ya keki. Binti humlisha mama yake kwa mkono wake, shukrani ya malezi, ndiyo kilele cha send-off yote. Wakasubiri, wakasubiri. Mwisho Doreen akanijia, macho mekundu. "Uncle, can you stand in for Mom?"
Nikasimama. Akanilisha. Vigelegele. Sijawahi kuona aibu kama ile maishani mwangu.
Kipande kilichobaki nikakifunga, nikaendesha hadi hapa, kwa mzee anayemhudumia. Yusta akafungua mlango akiwa na sare ya kazi. Nyuma yake gauni la sherehe limening'inia, bado ndani ya mfuko wake. Nikamwambia nenda, mimi nitakaa na mzee, kazi hii naijua.
"Huruhusiwi, kaka. Watanifukuza."
Akapokea keki kwa mikono miwili. Mzee akaita kutoka ndani. Akafunga mlango polepole.
Bado niko hapa. Hakuna gari lililokuja.

Jumapili, 16 Novemba
Amekuja ibadani, macho yamemvimba. Aliyempokea alifika wakati ukumbi unafagiwa.
Baada ya ibada tumekaa kwenye benchi la nyuma. Nimemwomba msamaha. Nimemwambia mwakani nitairudisha ile saa mbili, hata nikibaki peke yangu. Nikamuuliza kwa nini hakunikataza mapema.
"Nilikukataza, kaka. Mimi nikikubali jambo huwa nasema ndiyo."
Kisha akaniomba nimsimulie jana yote. Nikaanza mwanzo, Doreen alivyoingia, gauni, wimbo. Sikuruka kitu. Nilipofika kwenye keki akaniuliza, "Alipokuwa anakulisha, alikuwa analia au anacheka?"
Nikamwambia hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mlangoni.