Siku Niliyomkana Benius

Msituni, 9 Oktoba 1949

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo, ila Benius bado anakohoa. Handaki letu lina unyevu. Magoti yako yanaendeleaje? Na dada yetu Elzė, jino limepoa? Nyama na soksi zimetufikia kwa mkono wa msaga unga. Mdogo wangu Benius alivaa jozi mbili papo hapo, akasema, "Mama angeweza, angetufumia hata soksi za masikio."

Kuna jambo linanisumbua. Benius ameona tangazo la Warusi kwamba atakayetoka msituni na kusalimisha bunduki atasamehewa. Anataka kurudi nyumbani. Ana miaka ishirini na mmoja, Mama, na amechoka. Nimemkumbusha kwamba tuliapa mbele ya msalaba kutoweka silaha chini mpaka Lithuania iwe huru. Tangu juzi hasemi nami. Mwandikie abaki. Wewe anakusikiliza.

Mwanao,
Zigmas

Nyumbani, 23 Oktoba 1949

Mwanangu Zigmas,

Milele amina. Magoti ni yale yale, lakini bado yananifikisha kanisani, ingawa siku hizi tunasali rozari wenyewe. Padri walimchukua wiki iliyopita, hata kanzu ya misa hawakumwacha avue. Ng'ombe wetu naye sasa ni wa shamba la pamoja. Namkamua kwa amri ya mtu mwingine.

Unataka nimwambie Benius abaki. Siwezi. Wala sisemi ajisalimishe: mtoto wa jirani yetu Rapolas aliliamini lile tangazo, na leo anatembea na askari akiwaonyesha mahandaki ya wenzake. Baba yake haji tena kusali, aibu imemla. Lakini mjini Kaunas yupo mjomba wenu, na anaweza kumpatia karatasi zenye jina jingine. Hapa kijijini watu wote wanaamini kwamba nyinyi wawili mlikimbilia Ujerumani wakati wa vita. Ndiyo maana mimi na dada yenu hatujapakiwa treni la kwenda uhamishoni Siberia. Mwache aende. Kiapo ni kizito, najua, lakini Mungu si sajini wa kuwahesabu watoro.

Mpe barua hii aisome mwenyewe.

Mama yako

Msituni, 2 Novemba 1949

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mko wazima. Barua Benius ameisoma. Tumekubaliana abaki mpaka theluji iyeyuke, kwa sababu tumebaki watano tu. Baada ya hapo nitampeleka Kaunas mwenyewe. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Zigmas

Nyumbani, 4 Desemba 1949

Zigmas,

Leo sikuulizi hali.

Jumanne walitutoa wanawake wote wa kijiji, wakatupeleka sokoni mjini. Maiti tatu zilikuwa zimelazwa juu ya mawe. Wa katikati alikuwa Benius. Hana viatu. Walitupitisha mmoja mmoja, ofisa akitukazia macho. Aliyenitangulia alilia, na hata hawakuwa wake, wakamvuta pembeni. Nikamfinya Elzė mkono mpaka akatoka damu.

"Unamjua huyu?"

"Simjui."

"Mtazame vizuri, bibi."

Nikamtazama vizuri. "Si wa kwetu huyu."

"Haya, pita."

Nikapita, Zigmas. Nikaenda kununua chumvi, kwa kuwa walikuwa bado wananitazama.

Petro alimkana Bwana wake akalia. Mimi hata kulia sikuthubutu. Wanatangaza kwamba atakayekiri kuwa maiti ni yake atapewa akazike. Nani asiyejua kinachofuata?

Niambie kitu kimoja tu. Mwanangu alisema nini aliposoma barua yangu?

Mama yako

Msituni, 11 Desemba 1949

Mama,

Hakuisoma. Nilikudanganya. Niliichoma, kisha nikamwambia hata wewe umesema abaki. Akasema, "Kama Mama amesema, basi."

Walipotuzingira nilikuwa nimepigwa risasi mguuni. Akanisukuma kwenye tundu la nyuma. "Toka, kaka. Mwenye kiapo ni wewe, mimi nina kikohozi tu." Akabaki mlangoni na bunduki.

Wewe hukumkana, ulimwokoa Elzė. Mimi ndiye niliyemuua. Jumapili ijayo natoka nijisalimishe, nidai mwili wake.

Zigmas

Nyumbani, 15 Desemba 1949

Zigmas,

Mguu wako unaendeleaje? Uoshe kwa maji ya moto yenye chumvi, wala usiufunge kwa kitambaa kichafu.

Usitoke. Watakutesa mpaka uwataje wenzako, na nao wana mama zao.

Elzė yuko Kaunas tangu juzi, na jina lake si la kwetu tena. Nyumbani nimebaki peke yangu, hakuna tena wa kumlinda kwa uongo wangu. Kesho, nikimaliza sala ya asubuhi, naenda kituo cha polisi. Nitawaambia: yule wa katikati ni Benius, mwanangu mimi, Barbora, nataka kumzika karibu na baba yake. Huenda wasinipe. Treni najua watanipa. Lakini watamsikia akitajwa jina lake, na mama yake ndiye atakayelitaja. Wewe uliutafuta uhuru msituni, mwanangu. Wangu mimi nimeuona hapo.

Kuhusu ile barua, sijakusamehe. Kila asubuhi namwomba Mungu anipe uwezo huo, na bado hajanipa. Ukiendelea kuwa hai, niombee na wewe. Huko nitakakokuwa nitaendelea kujaribu.

Usinijibu. Nyumba itakuwa tupu.

Mama yenu