Wanauza Kitabu cha Bi Thirza

Hilda, usijifanye hukuona. Ulipita dirishani mwa maktaba ukageuza uso.

Wanauza kile kitabu cha mashairi kilichochapwa London mwaka 1611! Bi Thirza alikuwa anakisoma kwa sauti, peke yake, kama kila Alhamisi tangu mumewe afe. Meneja wa maktaba akaja akakifunga mbele yake.

"Bibi, hiki hakina msomaji. Hakijaazimwa hata mara moja."

Hakijaazimwa! Si wao wenyewe waliokataza kisitoke chumba cha kusomea?

Bi Thirza akamuuliza, "Na mimi ni nani, mwanangu? Kiti?"

Watu wakacheka. Wakacheka, Hilda! Hakuna aliyesimama kumtetea.

Mwaka wa mafuriko waliuza kengele ya ukumbi wa mji hivihivi, tukanyamaza.

Bado amekaa pale, anaukodolea macho ule mto wa kitambaa wa kuwekea kitabu, sasa mtupu. Gari la mnada linafika saa kumi kukichukua kitabu. Vaa koti, njoo ukae naye. Sasa hivi.